Taa Imezimika, Ubovu Umebaki

Muuzaji wa California akiwasha Mazda RX-8 yake, na taa ya injini isibaki ikiwaka, usitoe pesa kwanza. Taa hiyo huweza kuzimwa ndani ya dakika chache: mtu huchomoa waya wa betri au hufuta misimbo ya hitilafu kwa kifaa cha bei ndogo, na ubovu unabaki pale pale.

Bahati nzuri, kufuta huacha alama. Magari madogo yanayouzwa Marekani tangu 1996 yana mfumo wa OBD-II, unaojipima sehemu kwa sehemu: masega ya ekzosi yanayosafisha moshi, sensa za oksijeni, mvuke wa petroli wa tangi. Misimbo ikifutwa, majibu ya vipimo hivyo hufutika pia, na hayarudi mpaka gari liendeshwe, pengine siku kadhaa. Basi chomeka kifaa chini ya dashibodi, uhesabu vipimo visivyokamilika. Tangu 2015 vituo vya ukaguzi wa moshi vya California havipimi tena gesi ya ekzosi kwa magari ya petroli ya kuanzia 2000. Huiuliza kompyuta ya gari. Kinachosamehewa ni kipimo kimoja tu, cha mvuke. Ukikuta vitatu havijakamilika, acha kuzungumza bei.

RX-8 inataka uangalifu zaidi. Injini yake ya rota huchoma oili kidogo makusudi, ili kulainisha sili za rota. Koili zikichoka, petroli isiyoungua hupita hadi kwenye ekzosi, inaungulia humo na kuyayeyusha masega. Ndipo unapotokea msimbo P0420, wa masega yasiyosafisha moshi vya kutosha. Anayebadilisha masega bila kugusa koili atayanunua tena, na masega ni ghali mno.

Tena magari ya spoti huchezewa sana. Chungulia chini: je, masega yapo, au limewekwa bomba tupu? Kipuri kilichoongezwa bila namba ya idhini ya jimbo hulifelisha gari, na tangu Julai 2021 hata programu ya injini iliyobadilishwa hulifelisha.

Kisheria, cheti cha ukaguzi, kisichozidi siku 90, ni wajibu wa muuzaji. Usikubali akuachie kazi hiyo kwa kupunguza bei. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya Bureau of Automotive Repair, idara ya California inayosimamia ukaguzi huo, usome historia yake. Likiwa lilifeli, kisha likapita baada ya siku chache, dai risiti ya kilichotengenezwa katikati.