Wapiga picha za harusi Tibirinzi: Heshima huanza kwenye mapatano

MPIGA picha za harusi hufika kabla ya wageni na huondoka baada ya sufuria za pilau kuoshwa. Hata hivyo, mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kukumbukwa sahani zinapopangwa, na wa mwisho kabisa kulipwa. Mpishi amekwishapata chake, mwenye viti na maturubai amekwishapata chake, mwenye gari hali kadhalika. Yeye huambiwa arudi kesho, au asubiri karafuu zikauke.

Hayo ni malalamiko ya kawaida katika kazi hii, na anayeifanya Tibirinzi hawezi kuyakwepa. Tibirinzi ni shehia iliyomo katika mji wa Chake Chake, Mkoa wa Kusini Pemba. Kiwanja chake cha kufurahishia watoto hujaa familia zilizovaa nguo mpya siku za Idd, na siku hizo mwenye kamera hapati nafasi ya kukaa. Lakini Idd ni mbili tu kwa mwaka. Kinachoweza kumlisha mpiga picha miezi mingine ni harusi.

Swali ni hili: kwa nini fundi cherehani aliyeshona nguo ya bibi harusi hulipwa bila ya maneno mengi, na aliyempiga picha ndani ya nguo hiyo akaonekana ni mtu wa kuombwa "utusaidie tu"? Sehemu kubwa ya jibu ni kuwa wengi huingia katika kazi hii wakiwa na kamera, lakini bila ya utaratibu.

Studio ilikuwa na kuta

Zamani heshima ya mpiga picha ilisaidiwa na duka lake. Unguja iliijua kazi hii tangu karne ya 19, wakati wa studio ya A. C. Gomes. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio, ambayo picha zake zimehifadhi sura ya Zanzibar ya enzi za masultani na ya baada ya Mapinduzi ya 1964. Mombasa nako, N. V. Parekh alijulikana kwa picha za watu waliofika studio kwake wakiwa wamevaa wakapendeza, maharusi wakiwemo.

Wakati huo mteja ndiye aliyemfuata fundi. Alikaa alipoambiwa akae, alilipa, akarudi siku aliyopangiwa. Picha zilikuwa chache na zilikwenda moja kwa moja kwenye albamu ya familia.

Leo mambo yamegeuka. Fundi ndiye anayemfuata mteja nyumbani, na karibu kila mgeni ana simu yenye kamera. Kampuni ya Kodak ya Marekani, iliyouza filamu dunia nzima, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012. Kwa kuwa picha imekuwa rahisi kupatikana, mpiga picha hana budi kuuza kitu ambacho simu ya mgeni haiwezi kukitoa. Kitu hicho ni uhakika wa kazi na utunzaji wa amana.

Upande wa wanawake

Katika harusi nyingi za Waislamu wa mwambao, wanaume na wanawake husherehekea mbalimbali. Ndoa hufungwa msikitini au nyumbani mbele ya wanaume. Upande wa pili bibi harusi hupambwa kwa hina na wanja, na wageni huvua mabuibui wakabaki na nguo zao za sherehe. Hapo mwanamume, awe na kamera ya bei gani, hana njia.

Kwa sababu hiyo, mpiga picha mwanamke ana soko ambalo mwanamume hawezi kumnyang'anya. Familia haimlipi kwa kubonyeza kitufe tu. Inamlipa kwa kuingia pasipoingilika na kutoka bila ya kuzitoa nje siri za watu. Mwanamume anayeijua biashara hii hushirikiana na mke, dada au binti aliyefundishwa kazi, na hapo wawili hao huweza kuchukua harusi nzima, pande zote mbili.

Amana hiyo ina masharti yake. Kadi ya kumbukumbu ya upande wa wanawake hutengwa na ya wanaume. Anayezichagua na kuzisafisha picha hizo kwenye kompyuta huwa mwanamke vilevile. Haiachwi nakala kwenye kompyuta ya duka la kuchapishia. Wala hakuna picha inayowekwa mtandaoni kama tangazo kabla ya maharusi na wazee wao kutoa ruhusa. Picha moja ikionekana kwenye simu ya mtu asiyehusika, mpiga picha huyo hapotezi mteja mmoja, hupoteza shehia nzima.

Mahari hutajwa, ujira je?

Tatizo jingine ni haya. Pemba watu wanajuana. Bwana harusi huenda akawa mtoto wa jirani au wa mjomba. Wapiga picha wengi huona vibaya kumwandikisha mtu kama huyo au kumdai arubuni.

Lakini ndoa yenyewe ni mkataba. Mahari hutajwa, mashahidi husikia, na hakuna anayedhani kuwa wazee wamedharauliana. Ikiwa jambo kubwa kama hilo hutajwa hadharani, hakuna sababu ya ujira wa picha kuachwa gizani.

Mapatano yanayosaidia si marefu. Daftari lenye nakala mbili linatosha. Huandikwa tarehe, mahali na saa, pande zitakazopigwa picha, idadi ya picha au kurasa za albamu, siku ya kukabidhi, na nani atagharimia usafiri na chakula. Huandikwa pia jina la mtu mmoja wa kuzungumza kwa niaba ya familia, ili mpiga picha asipewe amri na mashangazi kumi. Nusu ya malipo huwa arubuni ya kushikia siku, na iliyobaki hulipwa kabla ya albamu kukabidhiwa. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Karafuu na mwezi mwandamo

Daftari hilo lina faida nyingine kwa Pemba, kisiwa kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Familia nyingi hupata fedha baada ya kuchuma, kuanika na kuuza kwa Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC). Mkarafuu nao hauzai sawasawa kila mwaka. Mpiga picha anayekubali kulipwa "karafuu zikitoka" amekwishakuwa mkopeshaji, tena asiye na hati.

Aidha, mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku zipatazo 11 kuliko mwaka wa kawaida. Ramadhani, mwezi ambao harusi huwa adimu, husogea kila mwaka. Upo mwaka ambao mfungo huwa mbali na mavuno, na upo ambao hukutana nayo. Anayeweka kumbukumbu za miaka mitatu au minne huweza kuona mapema miezi ya kuchuma na miezi ya kula akiba.

Gharama zisizoonekana

Wateja wengi hudhani kuwa picha za kidijitali hazina gharama kwa kuwa hazina filamu. Hesabu inaonyesha vingine. Chukua mfano wa kamera ya Sh 3,000,000. Kamera nyingi za bei ya chini hukadiriwa kupiga picha zipatazo 100,000 kabla ya kifunga mwanga chake kuchoka. Anayepiga picha 1,000 kwa harusi atakuwa ameitumia yote kwa harusi 100. Maana yake kila harusi inakula Sh 30,000 za kamera peke yake, kabla ya nauli, betri, umeme, albamu na siku mbili tatu za kukaa mbele ya kompyuta. Anayetoza bila ya kuhesabu hayo anauza kamera yake kidogo kidogo.

Hali ya hewa ya kisiwani nayo ni adui. Mkulima anajua kuwa karafuu zikirundikwa mbichi huharibika zikawa mpeta. Lenzi iliyofungiwa na unyevu nayo huota ukungu. Dawa yake ni sanduku linalofunga vizuri, lenye vipakiti vya kukausha unyevu.

Haki ya kazi

Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na chombo cha kuisimamia ni COSOZA. Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar (BPRA) nao husajili majina ya biashara. Jina lililosajiliwa na stakabadhi yenye jina hilo humtofautisha mwenye kazi na kijana aliyeazima kamera kwa siku moja. Vilevile huwa ushahidi pale malipo yanapozua mgogoro.

Heshima hiyo ina upande wa pili. Mpiga picha aliyechukua arubuni hana ruhusa ya kuchelewa, kuchukua harusi mbili saa moja, wala kupitisha siku ya kukabidhi bila ya kutoa taarifa. Hupaswa kuvaa kwa adabu, kumsalimu mwenye shughuli kabla ya kutoa kamera, na kuwa na kadi na betri za akiba, kwani ndoa hairudiwi kwa ajili ya picha.

Familia nayo ikitaka kazi nzuri ina la kufanya: imtengee sahani na nafasi ya kusimama, iwaombe wageni wenye simu wasimzibe, na imlipe siku iliyoandikwa. Mpishi na mwenye maturubai wamekuwa wakipata hayo miaka yote, kwa sababu walipatana kabla ya siku ya harusi.