Kamio Imegonga Mtu: Nani Analipa?

Katika namba hii sisi wa sekshoni komersiale tunaandika juu ya jambo ambalo wengi walituuliza tangu muhula uliopita, ni kusema malipo ya hasara, ambayo vitabu vinaita fidia, wakati kamio ya biashara inagonga mtu mu mji.

Mji wetu wa Lubumbashi uko mu njia ya makamio. Yanatoka Kolwezi na Likasi na shaba, yanapita kwetu, yanaenda Kasumbalesa. Yanarudi na simenti, unga, mafuta na asidi. Ku barabara ileile kuko watu wa kinga wenye kusukuma makala, wamama wenye kuuza, na watoto wa masomo. Kamio ikigonga mtu, kila mmoja anauliza: «Shofere ni nani? Ameenda wapi?» Swali hilo si baya, lakini ni fupi sana. Shofere ana mshahara wake wa mwezi tu, tena siku nyingine haupati kwa wakati. Hata akifungwa, mfungwa hanunui dawa.

Sheria yenyewe inatazama mbali kuliko shofere. Iko mu kitabu cha zamani sana, amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano na madeni, ambayo ingali inatumika mu inchi yetu. Sharti la 258 linasema kwamba mtu akimfanyia mwenzake hasara kwa kosa lake, anapashwa kuitengeneza. Sharti la 260 linaongeza jambo ambalo watu wengi hawalijui: bwana wa kazi anajibu kwa hasara ambayo mtumishi wake amefanya akiwa katika kazi aliyomtuma. Basi kama shofere alikuwa anapeleka mizigo ya bwana wake, bwana hawezi kusema: «Mimi sikuwa ku usukani.» Ni kweli hakuwa ku usukani, lakini ni yeye aliyemtuma.

Na nyuma ya bwana kuko asiransi. Tangu sheria-amri nº 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973, motokari haina ruhusa ya kutembea pasipo asiransi ya kulipa hasara za watu wengine. Kwa miaka mingi SONAS, iliyoundwa mwaka 1966, ilikuwa peke yake katika kazi hiyo. Sheria nº 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango, na tangu mwaka 2019 kampuni zingine zilipata ruhusa. Njo maana leo haitoshi kusema «tutaenda SONAS». Lazima kujua kamio ile iko mu asiransi gani. Makamio ya Zambia au ya Tanzania, hayo yanabeba karte ya manjano ya COMESA. Karte ile imefanywa ili mtu aliyegongwa huku kwetu ashughulikiwe huku kwetu, asilazimishwe kumfuata mwenye kamio mpaka Ndola ao Dar es Salaam.

Tena mwenye kamio si kila mara mwenye mizigo. Tarehe 20 Februari 2019, kule Kabwe, ku njia ya Kolwezi, kamio ya asidi iligongana na basi, na watu 20 na zaidi walikufa. Asidi ilikuwa inaenda ku mgodi wa kampuni moja, kamio ilikuwa ya kampuni ingine. Katika mambo ya namna hii kila mmoja anaonyesha mwenzake kwa kidole. Kwa hiyo andikeni majina yote mnayoyaona: ku mlango wa kamio, ku turubai, ku makaratasi ya mizigo.

Sasa tuseme juu ya siku yenyewe. Kwanza mgonjwa, hiyo inajulikana. Lakini mmoja wenu abaki pale, na aandike namba ya kamio na ya rimoriki, kwa sababu mara nyingi si namba moja. Aandike saa, mahali, na majina ya watu wawili ao watatu walioona kwa macho yao. Polisi ya barabara wakifika, wanapima na kuandika pe-ve. Bila pe-ve, dosie haina miguu. Uliza namba yake na jina la polisi aliyeiandika.

Na hapa tuseme wazi jambo linalotuumiza. Mu mji wetu, watu wakisikia kishindo wanakimbia na mawe. Shofere anapigwa, kamio inachomwa, mizigo inagawanywa. Wanaita hiyo haki. Lakini karatasi ya asiransi inaungua pamoja na kamio, shahidi mkubwa anakimbia ao anakufa, na mwenye kamio anakuja ku parke kama mtu aliyeibiwa. Yule aliyelala chini na mguu uliovunjika hakupata hata mfuko mmoja wa ile simenti. Na kama kamio ni ya mafuta, ni mauti kabisa. Kule Sange, mu Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010, kamio ya mafuta ilianguka, watu wakakaribia, moto ukawaka, na watu zaidi ya 200 wakafa.

Ku lupitalo, chungeni kila karatasi, hata ya bendeji. Ombeni munganga sertifika inayosema vidonda ni gani, siku ngapi mtu hatafanya kazi, na kama kilema kitabaki. Fidia si ya dawa tu. Inahesabu pia siku za kazi zilizopotea, kilema, na uchungu wa moyo. Mama mwenye kuuza makala hana karatasi ya mshahara, lakini wanaomuuzia na wanaonunua kwake wanaweza kushuhudia anapata ngapi kwa juma. Toeni kopi, orijinali ibaki nyumbani.

Halafu kunakuja ile karatasi inayoitwa desharji. Baba wa mwenzetu mmoja wa darasa la ine aligongwa akisukuma kinga yake ya makala kuingia Ruashi. Siku ya tatu, mabwana wawili wa kampuni walifika ku kitanda chake na bahasha. «Muzee, pole sana. Weka kidole hapa, upate ya dawa.» Karatasi ilikuwa ya kifaransa, na muzee hajui kifaransa. Mtoto wake akaomba ruhusa, akaisoma polepole. Iliandikwa kwamba muzee amepokea malipo yote na hatadai kitu tena, leo wala kesho. Feza ya bahasha haikufika hata nusu ya deni la lupitalo. Muzee alirudisha mkono wake.

Sheria inaheshimu mapatano ya watu wawili karibu kama hukumu. Ukitia kidole, kuvunja ni kazi kubwa, mpaka uonyeshe kwamba walikudanganya ao walikulazimisha. Lakini njaa na deni ni mambo ya kweli, hatuwezi kumwambia mtu akatae feza ya dawa. Pokea, ila iandikwe: «Avansi kwa matunzo, mambo mengine yanabaki.» Wakikataa maneno hayo, mmekwisha kujua waliijia nini.

Kama hakuna masikilizano, dosie inaenda ku parke, halafu ku tribinali ya amani. Hapo mgonjwa anajitangaza kuwa mwenye kudai hasara, kwa karani wa tribinali ao mbele ya waamuzi, kabla mashindano hayajafungwa. Aombe mwenye kamio aitwe pia, si shofere peke yake. Msichelewe: kosa la kuumiza mtu bila kusudi linaweza kuzimika kisha mwaka mmoja kama hakuna uchunguzi wowote, na la kuua bila kusudi kisha miaka mitatu. Asiye na feza ya avoka aende kwa waavoka wenyewe, wako na ofisi ya kushauria maskini bure, na komini inaweza kumpa karatasi ya umaskini.

Mtu akikufa, shida ingine inaingia. Wataomba karatasi za kuonyesha nani ni mjane na nani ni watoto. Ndoa ya mahari peke yake, ao cheti cha kanisa letu peke yake, vinaweza kukataliwa, kwa sababu wanatafuta ile ya eta sivili. Tunajua nyumba nyingi za waamini ambazo hazina. Ndoa ya desturi inaweza kuandikishwa ku komini, na mtoto anapashwa kuandikishwa katika siku 90 za kwanza.

Tumeandika mifano miwili, kwa kifaransa na kwa kiswahili: moja ya karatasi ya avansi, moja ya barua ya kwanza kwa asiransi. Iko kwa sekretari wa masomo. Mwenye kutaka kunakili aje na kalamu yake saa ya mapumziko, Jumanne na Alhamisi.