Mizani ya Kupimia Wakati

Mnunuzi mwangalifu wa Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, akiitilia shaka mizani ya sahani mbili, huomba ndagala zihamishiwe sahani ya pili, na jiwe liwekwe zilipokuwa. Mizani ikiinamia upande ule ule, kosa ni la mizani. Hila hiyo ndiyo iliyowafaa wataalamu wa fizikia waliotaka kujua kama maumbile hutofautisha wakati uendao mbele na urudio nyuma.

Msomaji atasema: yai lililovunjika halirudi kuwa zima! Kweli, lakini hilo latokana na wingi wa chembe zilizotawanyika. Swali lao lilihusu chembe moja tu.

Katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, kundi la CPLEAR lilichunguza kaoni na pacha wake kinyume, antikaoni, ambao huweza kugeuka mmoja kuwa mwenziwe. Hapana budi kwanza kujua ni yupi aliyezaliwa na ni yupi aliyekufa. Antiprotoni zipatazo milioni moja kwa sekunde zilisimamishwa ndani ya gesi ya hidrojeni. Chaji ya kaoni nyingine iliyozaliwa pamoja naye ilitaja jina la mtoto. Elektroni au positroni iliyotoka mwishoni ilitaja jina la marehemu. Matabaka ya vyombo, yamezungukwa na sumaku, yaliandika yote hayo.

Hatari ilikuwa hapo. Chombo kionacho chaji chanya vizuri kuliko hasi huyasingizia maumbile upendeleo wake chenyewe. Kwa hiyo uelekeo wa sumaku uligeuzwa mara kwa mara, zilizopinda kushoto zikapinda kulia. Makosa yaliyobaki yakapimwa mbalimbali na kuondolewa hesabuni. Kwangu mimi, kujishuku huko ndiko ufundi wenyewe.

Mwaka 1998 walitangaza: antikaoni hugeuka kaoni mara nyingi zaidi kuliko kinyume chake. Tofauti ni kama 6.6 katika 1,000. Wengine waliubishia ushahidi huo. Mwaka 2012 kundi la BaBar, California, lilileta mwingine.

Bila upendeleo wa namna hii, maada na kinyume chake zingaliangamizana, wala pasingalibaki ziwa wala mvuvi. Lakini uliokwisha kupimwa hautoshi kueleza wingi wa maada iliyobaki. Huko Villigen, Uswisi, wanautafuta mwingine ndani ya nyutroni, wakigeuza uelekeo wa umeme tena na tena. Matokeo ya mwaka 2020 hayakuonyesha kitu, na chombo chenye hisi kali zaidi kimejengwa pale pale.