Mzazi wa mpakani na mtoto aliyepandikizwa uloto

RUBAVU. Anayevuka Petite Barrière kati ya Gisenyi na Goma hurudi nyumbani na faida, pengine na vijidudu vya umati. Kwa mtoto aliyepandikizwa uloto, yaani uboho wa mifupa, hiyo ni hatari. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwatibu hivyo watoto wenye sikoseli mwaka 2023. Baada ya tiba, kinga hujengwa upya kwa miezi mingi, na chanjo za utotoni hurudiwa.

Wavukaji walizoea kunawa mpakani wakati wa Ebola, 2019. Desturi hiyo ihamie mlangoni: nawa, badilisha nguo, ndipo umpakate mtoto. Maziwa yachemshwe, mwenye mafua akae mbali. Akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa siku ya soko.