Mavuno Yakianza, Korongo Hushuka Mashambani

Mvua za Uasin Gishu hupungua baada ya Septemba, na mahindi hukauka shambani yakisubiri kuvunwa. Hizi ndizo wiki nzuri za kutazama ndege na maua katika kaunti hii, na hakuna tiketi ya mbuga inayohitajika.

Kandokando ya barabara huchanua maua ya manjano ya jamii ya kishona nguo, kabla hayajawa mbegu zinazong'ang'ania suruali za wapita njia. Kiangazi kikikolea, mwamba-ngoma hupukutisha majani na kutoa maua mekundu, na ndege aina ya chozi huyafuata kwa nekta. Huko Ulaya baridi huwa inaingia, kwa hivyo mbayuwayu na korongo weupe huhamia huku kutafuta wadudu.

Lakini wa kutazamwa zaidi ni mwenyeji: korongo taji, au kong'ony kwa Kikalenjin, ndege wa ukoo wa Moi, ambaye pia yumo kwenye bendera ya Uganda. Hutaga mayai 2 hadi 4 katika nyasi za maeneo chepechepe, ila usiku hulala juu ya miti. Korongo wengi wa jamii yake hawawezi hilo. Yeye ana kidole kirefu cha nyuma cha kushikia tawi. Mahindi yakishavunwa, makundi hushuka kwenye mabua kuokota punje na panzi.

Tangu 2012 korongo taji amekuwa katika orodha ya IUCN ya viumbe walio hatarini kutoweka. Vinamasi hulimwa hadi ukingoni mwa maji, sumu hutegwa shambani, na makinda huchukuliwa kufugwa bomani kama pambo. Kufuga ndege huyu bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013.

Asubuhi na mapema ndio wakati bora wa kumtazama. Kundi likiacha kula na kuinua vichwa, mtazamaji amekaribia mno, arudi nyuma. Kinda lililo peke yake kwenye nyasi liachwe hapo hapo, kwani kwa kawaida wazazi hawako mbali. Korongo kadhaa wakipatikana wamekufa shambani, huenda ni sumu: wasiguswe kwa mikono mitupu, mbwa wazuiwe, na ofisi ya KWS iliyo karibu iarifiwe siku hiyo hiyo.