Minecraft ikikwama Goma: lipia tatizo, usilipie lawama

Mchezo ukianza kukwama, mtoto wa Goma hasemi mengi: "Rezo iko mubaya," yaani mtandao ni mbovu. Baada ya hapo mzazi anaombwa pesa za mega za intaneti. Mara nyingi pesa hizo huliwa bure. Minecraft, kama michezo mingine ambayo wachezaji hujenga dunia yao pamoja, hukwama kwa sababu ya mashine, ya rezo au ya seva, na kila moja ina dawa yake na bei yake.

Pima kwanza, kupima ni bure

Fungua dunia ya kucheza peke yako, isiyohitaji intaneti. Ikikwama hata humo, mega hazitasaidia kitu: tatizo ni mashine. Kwenye kompyuta yenye toleo la Java, bonyeza F3 usome namba ya fps, yaani picha kwa sekunde. Ikishuka chini ya 30, picha zitaruka.

Kama peke yako unacheza vizuri, ila ukiwa na wenzako unavunja bloku, inatoweka, kisha inarudi palepale, waulize wenzako. Wakiwa salama, rezo yako ndiyo dhaifu. Wakilalamika wote kwa pamoja, seva imelemewa. Inapaswa kupiga hatua 20 kila sekunde na haifiki.

Ukikataliwa kuingia kwa ujumbe kwamba toleo lako limepitwa na wakati, hapo hakuna cha kununua. Toleo la Java linakuruhusu kuchagua toleo la zamani lifanane na la seva. Kwenye simu itabidi wote msasishe. Na mwenye Java hachezi moja kwa moja na mwenye toleo la simu, hata mkikaa kiti kimoja.

Dawa ya mashine

Anza na zisizolipiwa. Shusha umbali wa kuona hadi 6 au 8, kisha weka Sodium, programu ya bure inayopunguzia toleo la Java mzigo wa picha. Bado inakwama, na kompyuta ina RAM ya GB 4? Hapo ndipo pa kutumia dola zako: ongeza ifike GB 8. Kabla ya kushuka mtaa wa Birere kuinunua, jua kama yako ni DDR3 au DDR4, maana haziingiliani. Mwambie fundi aiweke na kuiwasha mbele yako ndipo ulipe.

Dawa ya rezo

Kucheza kwenyewe hakuli mega nyingi. Kinachokula ni kupakua mchezo na kuusasisha. Cheza saa moja, kisha soma kwenye mipangilio ya simu kiasi kilichotumika. Ukikuta MB 80, basi saa mbili kila siku kwa siku 30 ni karibu GB 5. Linganisha vifurushi vya Airtel, Vodacom na Orange kwa hesabu hiyo, na usisahau kutazama kifurushi kinaisha lini. Karibu na mpaka wa Gisenyi, wengine hutumia laini ya Rwanda. Ijaribu ukiwa nyumbani kwako, kwa sababu mawimbi yanayofika Birere si lazima yafike Ndosho.

Intaneti ya setilaiti za zamani, zinazokaa karibu kilomita 36,000 juu, haifai kwa mchezo huu: kwenda na kurudi tu hula karibu nusu sekunde. Starlink, iliyo karibu kilomita 550, haina shida hiyo. Lakini leseni yake ya Mei 2025 ilitoka Kinshasa, na Goma ilitekwa na waasi wa M23 Januari mwaka huohuo. Uliza kwanza kama unaruhusiwa kuitumia, na usiinunue kwa ajili ya mchezo peke yake.

Kucheza bila mega

Wachezaji wakiwa nyumba moja, chaguo la bei nafuu ni mtandao wa ndani. Simu moja inawasha hotspot huku mega zimezimwa, mmoja anafungua dunia yake, wengine wanaingia. Mchezo wenyewe hulipiwa mara moja: karibu dola 7 kwenye simu, karibu dola 30 kwenye kompyuta. Tangu benki za Goma zifungwe Januari 2025, kupata kadi ya kulipia mtandaoni kumekuwa kazi ngumu, kwa hiyo Luanti, mchezo wa kujenga unaofanana na Minecraft na ulioitwa Minetest hadi 2024, ina faida mbili: ni ya bure, na inachezwa bila intaneti kabisa ukishaipakua. Roblox pia ni ya bure, lakini bila intaneti haifunguki.

Na kama seva ndiyo inayolemewa, kuna Realms, seva ya kukodi ya Minecraft, ambayo huanzia karibu dola 4 kwa mwezi kwa wageni wawili. Inafaa pale tu wenzako wanapokuwa mbali, tuseme Bukavu au Nairobi.

Usisahau umeme. Ukikatika wakati dunia inahifadhiwa, faili zinaweza kuharibika na jengo la miezi likapotea. Kompyuta ya mkononi yenye batri nzima inashinda ile ya mezani isiyo na onduleri, yaani batri ya akiba. Nakili folda ya dunia yako kwenye flashi kila wiki.

Uamuzi wetu: watoto wa nyumba moja wacheze kwa mtandao wa ndani, mwenye mashine dhaifu aongeze RAM kabla ya mega, Realms iwe ya walio mbali. Nunua kitu kimoja, pima tena, ndipo ufikirie cha pili.