Gauni la binti mfalme lilinifunza rangi za mafuta

Unataka kujua kuchora kwa rangi za mafuta, msomaji? Nakili kazi ya bingwa! Mimi nilimchagua Margarita, binti mfalme wa Hispania, aliyechorwa na Diego Velázquez mwaka 1659 akiwa na gauni la buluu. Usione linameta ukadhani kafuata uzi kwa uzi. Ukilitazama karibu ni michirizi tu ya brashi. Siri nyingine: tabaka la chini mafuta kidogo, la juu mengi, rangi isije ikapasuka. Gauni nililiweza. Uso sasa, usiombe! Mtoto wa miaka 8, picha ikapelekwa Vienna kwa mjomba wake, Leopold, aliyemwoa mwaka 1666. Ukiyajua hayo, macho yale hayachoreki upesi.